Hamira ya kiwandani inakula akiba yake usiku, asubuhi tunalaumu molasi

FundiMolasi (mwanzisha uzi), Ijumaa saa 2:15 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa humu muda mrefu nikisoma nyuzi za watu, leo nimeamua kufungua wangu. Ni mrefu. Asiyependa kusoma apite tu, hatugombani.

Miaka ya nyuma nilikuwa maabara ya zamu kwenye kiwanda kimoja cha spiriti ya molasi, ile shira nzito inayobaki baada ya kutengeneza sukari. Sitakitaja. Tulikuwa tunarudisha hamira: tangi likimaliza kuchachuka tunaitenga hamira kwa mashine ya mzunguko, tunaiogesha tindikali, tunaitia kwenye tangi linalofuata. Ijumaa moja boila ikagoma. Mnara wa kukeneka ukasimama, pombe changa ikabaki matangini na hamira yake ndani, nyuzi 36, kuanzia Ijumaa usiku mpaka Jumapili mchana. Kabla ya kuirudisha nikapima kwa rangi ile ya bluu ya methilini, seli hai 88 kwa mia. Nikaandika daftarini "nzuri", nikasaini.

Tangi lililozoea kumaliza kwa saa 10 likachukua saa 22. Bakteria wakapata nafasi, uchachu ukapanda, na nilipopima hamira ya tangi hilo hilo siku ya pili, nusu ya seli ilikuwa bluu tupu, yaani maiti. Kikao cha Jumatatu kikaamua kosa ni la molasi mpya. Msambazaji akapigiwa simu akasemwa vibaya bure, na mimi nilikuwepo nikanyamaza kwa sababu sikuwa na jibu jingine.

Jibu nililipata baadaye sana. Ile bluu inaonyesha seli ipi ni hai. Seli ipi ina njaa, haionyeshi. Hamira yangu ya Jumapili ilikuwa hai lakini ghala lake lilikuwa limefagiliwa.

Hamira ina maghala mawili. La kwanza ni glaikojeni, minyororo mirefu ya glukosi yenye matawi mengi, ni kitu kile kile kilichoko kwenye ini na misuli yetu. La pili ni trehalosi, sukari ndogo ya glukosi mbili zilizoshikana vichwa kwa vichwa. Vyote viwili kwa pamoja vinaweza kufika sehemu kubwa ya uzito mkavu wa seli. Glaikojeni peke yake robo si ajabu kama hamira imetunzwa vizuri. Na hapo ndipo nyumbani kwetu tunakosea, maana kiwandani tunapima sukari ya molasi, tunapima kilevi, tunapima pH (ukali wa asidi), tunahesabu seli. Ghala hakuna anayefungua.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kuacha hamira kwenye tangi la nyuzi 36 siku mbili.

---

Ticha wa Kemia, Ijumaa saa 2:50 usiku

Uzi mzuri mkuu, naweka kambi. Swali la darasani: glukosi moja inatoa ethanoli mbili na hewa ya ukaa mbili. Gramu 180 za glukosi, gramu 92 za ethanoli, asilimia 51. Ndivyo tunavyofundisha. Sasa kama hamira inajiwekea sukari pembeni, si ni mwizi wa kiwanda? Kila gramu iliyoko ghalani ni gramu ambayo haikuwa pombe.

---

FundiMolasi, Ijumaa saa 3:10 usiku

Ticha, heshima yako. Hesabu ni sahihi, lakini hakuna kiwanda kinachofika huko. Pasteur, yule mwanasayansi Mfaransa, alishaonyesha karne ya 19 kwamba sehemu ya sukari, karibu asilimia 5, inaishia kwenye gliserini, asidi ya saksiniki na mwili wa hamira yenyewe. Viwanda vizuri vya Brazili vinapata asilimia 90 hadi 92 ya hiyo hesabu ya darasani na vinajivunia.

Kuhusu wizi, ndiyo, ni wizi kama hamira unaitupa. Ila kama unairudisha tangini, ghala linarudi nalo. Ni kama mkulima anayebakiza mbegu.

Tufanye mfano wa hesabu, namba zangu za kukadiria tu. Tangi la lita 500,000, kilevi asilimia 8, hiyo ni lita 40,000 za pombe. Hamira mbichi asilimia 10 ya tangi, tani 50. Ikikaushwa inabaki robo, tani 12 na nusu. Akiba ikiwa asilimia 16 ya huo uzito mkavu, una tani 2 za sukari zimelala ndani ya hamira. Zikichachuka zote zinatoa takriban lita 1,400 za ethanoli. Usiku wa Ijumaa ile tulikuwa tunapata pombe kidogo ya ziada bila kujua, na tulikuwa tunailipia kwa hamira.

---

ZamuYaUsiku, Ijumaa saa 3:32 usiku

Niko kwenye distilari upande wa magharibi mwa Kenya, niko zamu sasa hivi. Hii kitu umeandika ni sisi kabisa! Wikendi mashine ikisimama, Jumatatu ni kilio. Boss anasema ni bakteria, tunaongeza tindikali, inakuwa mbaya zaidi. Hebu eleza hapo kwa tindikali.

---

FundiMolasi, Ijumaa saa 4:05 usiku

ZamuYaUsiku, karibu. Tindikali ndiyo kiini cha jambo lenyewe, lakini ngoja nianzie ilikotoka.

Mtindo huu wa kurudisha hamira na kuiogesha ulitengenezwa Ufaransa miaka ya 1930, unaitwa Melle-Boinot. Waliouendesha kwa ukubwa wa kutisha ni Wabrazili. Baada ya bei ya mafuta kupanda 1973, serikali yao ikaanzisha mpango wa Proálcool mwezi Novemba 1975, magari yaanze kutembea kwa pombe ya miwa. Leo kiwanda cha kule kinachachusha kwa saa 6 mpaka 12 kwa sababu hamira ni nzito mno tangini, inatengwa, zaidi ya asilimia 90 inarudishwa, na hiyo hiyo inafanya kazi mara mbili kwa siku msimu mzima, siku 200 na zaidi. Fikiria. Mwanzo wa msimu na mwisho wa msimu ni ukoo ule ule wa seli.

Kati ya tangi na tangi inapitishwa kwenye maji yenye tindikali ya salfuriki, pH 2 au 2 na nusu, saa moja hadi tatu, ili kupunguza bakteria hasa wale wa ukoo wa maziwa lala. Sasa tazama seli inavyopambana. Nje kuna asidi kali, ndani inatakiwa ibaki karibu na kati. Kwenye utando wake kuna pampu zinazosukuma asidi nje, na pampu zinakula nishati. Nishati itoke wapi? Kwenye tangi la tindikali hakuna sukari. Hakuna chochote cha kula zaidi ya kilichoko ghalani.

Kwa hiyo hamira yenye akiba inaingia bafuni, inatumia kidogo, inatoka hai. Hamira yenye njaa inaingia bafuni ikiwa hai, rangi ya bluu inaisifu, halafu inafia ndani au inatoka hoi. Na nyinyi mkiona bakteria mnaongeza tindikali! Mnamwongezea mzigo punda ambaye hajala tangu juzi.

---

Binti Kilindini, Ijumaa saa 4:20 usiku

Hodi jamani, mie si wa kiwandani, nauza mahamri Mombasa. Mnaposema trehalosi ndiyo ile inayofanya hamira ya pakiti ikae kavu mwaka mzima isife?

---

FundiMolasi, Ijumaa saa 4:41 usiku

Ndiyo dada, umelenga. Wenye viwanda vya hamira ya mikate wanailea makusudi ijae trehalosi kabla ya kuikausha, inaweza kupita asilimia 10 ya uzito. Seli ikipoteza maji, ile sukari inakaa pale maji yalipokuwa, inashikilia utando na protini zisisinyae na kugandana. Ukiirudishia maji inaamka.

Ndiyo maana wanaandika maji ya uvuguvugu kwenye pakiti. Ukiirowesha kwa maji baridi, utando unakuwa bado mgumu, unavuja vilivyomo kabla haujajipanga. Wengi wanadhani baridi ni salama zaidi kwa hamira. Kwa hamira kavu si kweli.

---

Binti Kilindini, Ijumaa saa 4:55 usiku

Ahsante kaka. Na mbona nikigandisha unga uliokwisha kuumuka kwenye friza, kesho hauinuki vizuri, lakini nikigandisha mara tu nikishakanda unainuka?

---

FundiMolasi, Ijumaa saa 5:08 usiku

Wewe umejijibu bila kujua, dada. Hamira ikionja sukari tu, ndani ya dakika chache inawasha kimeng'enya cha kuvunja trehalosi. Ngao inayeyuka. Ukigandisha mapema bado ngao ipo. Ukisubiri iumuke, umeigandisha uchi. Gandisha mara moja, uache iumuke siku ya kupika.

---

Ticha wa Kemia, Jumamosi saa 12:30 asubuhi

Nimelala nikiwaza. Kuna kitu hakikai sawa. Kama hamira ikionja sukari inavunja akiba, inaijaza lini? Sukari ikiisha? Utaweka akiba vipi wakati chakula kimeisha?

---

FundiMolasi, Jumamosi saa 1:15 asubuhi

Ticha, hili ndilo swali nililotaka mtu aulize. Nilijibu haraka haraka hapo juu nikaruka.

Ratiba ya glaikojeni na ya trehalosi si moja. Sukari ikiingia kwa wingi, ishara ndani ya seli inapanda, ishara hiyo inawasha vimeng'enya vya kuvunja na kuzima vya kujenga. Seli inaambiwa kula, gawanyika, usiweke kitu. Sukari inapofika nusu hivi, ishara inaanza kushuka na glaikojeni inaanza kujengwa huku sukari nyingine bado ipo nje. Trehalosi inasubiri mpaka sukari karibu iishe kabisa. Baadaye wakati wa njaa, glaikojeni inatumika kwanza, trehalosi inabakizwa mpaka mwisho.

Kwa hiyo haiweki akiba chakula kikiwa kimeisha. Inaweka pale ambapo bado inakula lakini imeona dalili. Mkulima wa kwetu hajazi kihenge mwezi wa njaa, anajaza wakati wa mavuno.

Kuna njia ya pili ya kuijaza, na hii inaihusu molasi moja kwa moja. Ikiwa sukari ipo tele lakini naitrojeni haitoshi, seli haiwezi kujenga protini, haiwezi kuzaa, basi sukari inaingia ghalani. Hamira inanenepa. Ukiitilia urea, ambayo ndiyo naitrojeni yenyewe, kwa wingi sana unapata seli nyingi, nyembamba, zenye akiba kidogo. Mameneja wengi wanapenda kuona idadi ya seli inapanda, wanamwaga urea. Kwenye mtindo wa kurudisha hamira idadi yenyewe haitakiwi kupanda sana, asilimia 5 hadi 10 kwa mzunguko inatosha, maana kila seli mpya ni sukari ambayo haikuwa pombe.

---

Mama Kimea, Jumamosi saa 3:05 asubuhi

Wanangu, mimi nimepika mbege miaka 30. Hizo glaiko sijui nini sizijui. Ila machicha ya pipa la jana yakikaa karibu na jiko hayafai, yanalala. Yakikaa chungu cha chini kwenye ubaridi hata siku tatu yanaamka vizuri. Mama yangu alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa.

---

FundiMolasi, Jumamosi saa 3:20 asubuhi

Shikamoo mama. Umetueleza kwa mistari mitatu nilichoandika usiku kucha. Kwenye joto hamira inaendelea kuishi haraka hata kama haina cha kula nje, basi inakula ya ndani. Kwenye ubaridi inaishi polepole, akiba inakaa. Viwanda vya bia vinafanya hivyo hivyo kwa mitambo ya mamilioni: hamira ya bia iliyovunwa inawekwa kwenye tangi lenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 na wanajitahidi waitumie ndani ya siku chache.

Kwa upande wa bia kuna jambo jingine zuri. Hamira ikitiwa kwenye bia mpya yenye hewa ya oksijeni, saa chache za kwanza glaikojeni inaporomoka kwa kasi, kwa sababu inatumika kama kuni za kutengenezea mafuta ya utando, yale ya steroli. Hayo ndiyo yatakayoibeba mpaka mwisho pombe ikizidi kuwa kali. Hamira iliyoingia bila glaikojeni haijengi utando wa kutosha, na bia inakwama ikiwa bado ina utamu.

---

Mama Kimea, Jumamosi saa 3:31 asubuhi

Marahaba. Sasa hivyo vyote vya kujua ili iweje, si uweke chini kwenye ubaridi tu?

---

Nyuki Mweusi, Jumamosi saa 4:10 asubuhi

😂😂 Mama kamaliza uzi.

---

Mtafiti Mchovu, Jumamosi saa 7:45 mchana

Samahani kwa kuingilia, mimi nasoma mambo haya kwa ajili ya shahada. FundiMolasi umeandika vizuri ila umeisifia trehalosi kupita kiasi kwenye jibu la mahamri. Kwenye ukavu, sawa, ushahidi ni mzuri. Lakini kwenye joto, pombe na misukosuko mingine mjadala haujaisha. Wapo waliotenganisha mambo mawili, yaani sukari yenyewe na kimeng'enya kinachoitengeneza, wakaona kwamba baadhi ya ulinzi unatokana na kile kimeng'enya hata kama sukari haipo. Miaka mingi watu walifuta jeni, wakaona seli inakufa, wakasema "trehalosi inalinda", kumbe walikuwa wamefuta vitu viwili kwa mpigo.

---

FundiMolasi, Jumamosi saa 8:20 mchana

Nimekubali, umenirekebisha. Mimi natoka kwenye ngazi za matangi, huko tunaona hamira yenye trehalosi nyingi inadumu, tunasema ndiyo sababu. Inawezekana ni dalili tu ya seli iliyolelewa vizuri. Kwa mtu wa zamu matokeo ni yale yale, lakini kwa mwanafunzi si sawa, ulivyosema ni sahihi.

---

Ticha wa Kemia, Jumamosi saa 8:42 mchana

Basi nitupie la mwisho. Siku hizi jeni zinakatwa kama nguo. Kwa nini wasitengeneze hamira isiyoweza kuweka akiba kabisa, sukari yote iende kwenye pombe?

---

Mtafiti Mchovu, Jumamosi saa 9:30 alasiri

Hili acha nilijibu mimi maana nimelilia machozi. Ukifuta jeni ya kwanza ya kutengeneza trehalosi, inaitwa TPS1, unapata hamira ambayo ukiipa glukosi haikui. Hamira inashindwa kula glukosi!

Sababu ni hii. Kuvunja glukosi kunaanza kwa gharama. Seli inatoa chembe mbili za nishati mwanzoni, inavuna nne baadaye, faida mbili. Ni kama duka: unalipa mzigo kwanza, faida baadaye. Sasa sukari ikiingia kwa ghafla, mlango wa mbele unaweza kukimbia kuliko wa nyuma: seli inalipa, inalipa, mzigo unarundikana katikati, fosfeti yote, ile inayohitajika kutengeneza chembe za nishati, imenasa kwenye mzigo, ya kukamilishia mauzo haipo. Biashara inakufa stoo ikiwa imejaa. Kwenye hamira ya kawaida kuna kizuizi mlangoni. Kile kipande cha katikati cha kutengeneza trehalosi, trehalosi yenye fosfeti, kinabana kimeng'enya cha kwanza kisiingize glukosi ovyo. Na utengenezaji wenyewe wa trehalosi unaachia fosfeti irudi kwenye mzunguko.

Kwa hiyo kile kinachoonekana kama wizi wa sukari ni sehemu ya breki ya gari. Ukiing'oa kuokoa uzito, utaona mteremkoni.

Glaikojeni kidogo ni tofauti, seli isiyo nayo inaishi. Ila haivumilii njaa, na kwenye kurudishwa tangini mara mia nne kwa msimu, njaa ni ya kila siku.

---

ZamuYaUsiku, Jumamosi saa 2:00 usiku

Haya nimesoma yote. Swali la mtu wa kazi: tunanunua hamira gani? Sisi tunaanza na ile ya mikate kila wakati, bei poa.

---

FundiMolasi, Jumamosi saa 2:48 usiku

Wabrazili walipita njia hiyo hiyo. Walikuwa wanaanza msimu na hamira ya mikate, matani yake, na wakiamini ndiyo inayofanya kazi mpaka mwisho. Miaka ya 1990 walipoanza kuzitambua seli kwa mpangilio wa kromosomu zake wakashtuka, maana wiki chache baada ya kuanza msimu ile ya mikate ilikuwa imeshatoweka. Tangi lilikuwa limetekwa na hamira za porini zilizoingia na miwa. Walikuwa wananunua mbegu ya mahindi na kuvuna mtama.

Watafiti wa Piracicaba, mji wa huko huko Brazili, wakafanya jambo la akili. Badala ya kupigana na wavamizi wakawachambua. Wengi walikuwa wabaya, wenye povu jingi au wanaogandamana. Lakini wachache walikaa msimu mzima, hawatoi povu, kilevi kizuri. Mmoja alitoka kiwanda cha Usina da Pedra, wakamwita PE-2. Mwingine alitoka Catanduva, akawa CAT-1. Hizo mbili zikaenea nchi nzima. Na sifa mojawapo ya PE-2 waliyoipima ni hiyo ya uzi huu: inabaki na trehalosi nyingi kuliko ya mikate kwenye mizunguko ile ya pombe na tindikali, na seli hai ni nyingi.

Mimi hapo ndipo huwa navua kofia. Hakuna aliyezichagua seli hizo kwa akiba zake. Tangi lenyewe lilizichagua. Zisizojua kuweka zilikufa bafuni.

Ya mikate ililelewa kwa kazi nyingine: iinue unga saa moja au mbili halafu ife kwenye tanuri. Haikuwahi kuulizwa habari za kesho. Kama mnatumia mara moja na kutupa, endeleeni nayo, haina shida. Kama mnarudisha, tafuteni ya distilari. Halafu chungeni vitu hivi, nitaandika kwa kadiri ninavyokumbuka, bila mpangilio:

Usiiache hamira ndani ya pombe iliyokwisha. Sukari ikiisha tenga, hata kama mnara haujawa tayari kupokea. Mashine ya mzunguko ikiharibika basi poozesha tangi. Nyuzi 36 na nyuzi 28 ni maisha mawili tofauti. Mnara ukisimama siku nzima, tia molasi kidogo kwenye tangi la hamira, kidogo sana, iwe na cha kula. Na siku ambayo unajua hamira ina njaa, usiiogeshe. Ilishe kwanza ndipo uiogeshe. Tulipobadilisha jambo hilo moja tu mambo yalinyooka kiasi cha watu kuanza kuniita mganga.

---

Nyuki Mweusi, Jumamosi saa 3:15 usiku

Mkuu na hamira inayozidi mnaipeleka wapi? Mjomba wangu analisha nguruwe.

---

FundiMolasi, Jumamosi saa 3:37 usiku

Swali zuri, hapo ile dhambi ya Ijumaa inageuka kuwa biashara. Hamira ya ziada ikikaushwa inauzwa chakula cha mifugo, na bei inafuata protini. Ikiwa robo ya uzito ni akiba, unauza wanga. Wabrazili wakabuni hivi: ile hamira ya kuuzwa, siyo ya kurudisha, wanaiacha makusudi kwenye pombe yake kwenye joto la nyuzi 40 hivi. Inakula ghala lake lote, inaligeuza pombe, pombe inakenekwa. Kinachobaki kina protini zaidi kwa kila kilo. Wamepata pombe ya ziada na chakula bora cha mifugo, kwa kitendo kile kile kilichonitia aibu mimi. Tofauti ni kwamba wao walijua hamira hiyo haina kesho.

Mwambie mjomba asiimwage mbichi ikiwa hai kwa wingi, itaendelea kuchachua tumboni na nguruwe watajaa gesi. Aichemshe kwanza.

---

ZamuYaUsiku, Jumamosi saa 3:50 usiku

Sawa, na hiyo ghala naipima aje? Hatuna mashine za maana huku, ni hadubini moja na hiyo bluu.

---

FundiMolasi, Jumamosi saa 4:12 usiku

Hadubini inatosha. Chukua hamira, ioshe kwa maji mara tatu mpaka maji yawe meupe, maana rangi ya molasi itakudanganya. Tone la hamira kwenye kioo, tone la iodini. Subiri dakika mbili tatu. Seli yenye glaikojeni inageuka kahawia inayoelekea wekundu, ukiwa nayo nyingi inakuwa kama mbao ya mninga. Seli tupu inabaki na njano ya iodini yenyewe. Hesabu mia, andika ngapi za kahawia.

Si kipimo cha kisayansi cha kujivunia, hakikupi gramu, na trehalosi hakiioni kabisa. Lakini fanya kila zamu kwa mkono ule ule na macho yale yale, baada ya wiki mbili utakuwa unajua Jumatatu itakuwaje tangu Jumapili. Bluu na iodini, mistari miwili kwenye daftari. Laiti ningekuwa na huo mstari wa pili siku ile.

---

Mama Kimea, Jumamosi saa 4:20 usiku

Mlale sasa.

---

ZamuYaUsiku, Jumatano saa 11:40 alfajiri

Wadau nimerudi na majibu. Tulisimama tena Jumatatu, stima ilipotea masaa 14. Nikapima matangi mawili. Bluu: tangi la 2 seli hai 85, tangi la 4 seli hai 87, yaani ni kitu kimoja. Iodini: tangi la 4 kahawia 70 kwa mia, lilikuwa halijamaliza sukari wakati stima inapotea. Tangi la 2 lilikuwa limemaliza mapema, kahawia 12. Njano tupu, kama macho ya mgonjwa wa manjano.

Nikamwambia supavaiza tusiogeshe hamira ya tangi la 2 mpaka ipate molasi kidogo. Akakataa. Tukabishana. Mwisho tukagawana: nusu ikaogeshwa moja kwa moja, nusu ikalishwa kwanza saa mbili, kisha ikaogeshwa. Ile iliyolishwa imemaliza tangi lake saa 11. Ile nyingine mpaka naandika hapa ni saa ya 19 na bado inatoa mapovu.

Supavaiza hajasema kitu. Ila meneja ameniita ofisini saa mbili asubuhi, anataka kujua nani aliniruhusu kutoa iodini kwenye sanduku la huduma ya kwanza.